Mistari miwili ya ruta: usiku YouTube ilipopotelea Pakistan

Jumapili, Februari 24, 2008, ruta kubwa nyingi duniani, vile vifaa vinavyoelekeza data mtandaoni, zilikuwa na mistari hii miwili ndani ya jedwali la njia:

B  208.65.152.0/22 [20/0] via 192.0.2.1, 5w2d
B  208.65.153.0/24 [20/0] via 198.51.100.1, 00:03:12

Nimeiandika kwa mtindo wa ruta za kampuni ya Cisco. Anwani za majirani wawili na umri wa kila mstari ni za mfano, lakini mafungu yenyewe ya anwani ni yale yale ya siku ile. La kwanza lilitangazwa na YouTube, mwenye mali. La pili lilitoka Pakistan Telecom, na kwa zaidi ya saa mbili lilifanya watu wa nchi nyingi wafungue YouTube wasipate kitu.

Nafundisha vijana kazi ya mitandao, na sijapata kisa kinachofundisha kusoma jedwali la njia kuliko hiki. Hapakuwa na kebo iliyokatika wala seva iliyozima. Kila ruta iliyohusika ilifuata kanuni yake sawasawa, na ni kwa kuifuata ndipo YouTube ikapotea. Anayeweza kueleza kwa nini mstari wa pili uliushinda wa kwanza ameshaelewa sehemu kubwa ya kazi ya ruta.

Tuusome mstari taratibu. Herufi ya mwanzo inataja aliyeleta habari: B ni BGP, lugha ambayo mitandao ya kampuni mbalimbali hutumia kuambiana nani anafikisha wapi. Ukiona C, ruta imeunganishwa na fungu hilo moja kwa moja. S, mtu ameandika kwa mkono. O, habari imeletwa na OSPF, lugha ya ndani ya kampuni. Kinachofuata ni fungu la anwani na ukubwa wake. Ndani ya mabano, namba ya kwanza ni kiwango cha kuamini chanzo cha habari, na ya pili ni gharama ya njia. Baada ya via kuna jirani, yaani ruta inayofuata, atakayekabidhiwa pakiti, kile kipande cha data kinachosafiri. Mwisho kabisa ni muda tangu mstari uingie.

Mwanafunzi akikutana na mstari wa namna hii mara ya kwanza, macho yake hukimbilia kwa jirani, maana anataka kujua mzigo unapelekwa wapi. Mimi humrudisha kwenye namba iliyo baada ya mkwaju, ile alama ya /. Hapo ndipo uamuzi unapofanyika.

Anwani ya IP, ile inayotambulisha kifaa mtandaoni, ni namba ya biti 32 (kila biti ni 0 au 1), imekatwa vipande vinne vya biti nane nane ili binadamu aweze kuisoma. /22 maana yake ni: linganisha biti 22 za mwanzo, zilizobaki ziache. 208 na 65 zinamaliza biti 16, kwa hiyo zinahitajika sita kutoka kipande cha tatu. Chukua kalamu. 152 kwa biti ni 10011000. 153 ni 10011001. Sita za mwanzo za zote mbili ni 100110, na ukiandika 154 na 155 utakuta vivyo hivyo. Ukifika 156 unapata 10011100. Sita zake za mwanzo ni 100111, umeshatoka nje ya fungu. Ndiyo kusema 208.65.152.0/22 inabeba kuanzia 208.65.152.0 mpaka 208.65.155.255, anwani 1,024. Ile /24 inabeba 256 tu, zinazoanza na 208.65.153.

Siku ile jina la YouTube lilikuwa likielekeza kwenye anwani tatu: 208.65.153.238, 208.65.153.251 na 208.65.153.253. Zote zimo ndani ya fungu kubwa, na zote zimo pia ndani ya fungu dogo. Pakiti ya kwenda 208.65.153.238 ikifika, ruta inakuta mistari miwili inayoihusu, na inafuata ule wenye namba kubwa zaidi baada ya mkwaju, yaani fungu dogo, lililo mahususi zaidi. Haiulizi mwenye mali ni nani. Haijali kwamba mstari mmoja umekaa wiki tano na mwingine umeingia dakika tatu zilizopita.

Chukulia umesimama stendi ya Msamvu, Morogoro, na mzigo wa kupeleka Kariakoo. Konda mmoja anaita, "Dar! Dar!" Mwingine anaita, "Kariakoo! Kariakoo!" Utampa wa pili, na mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Shida inakuja siku basi la huyo wa pili linapogeuza na kushika njia ya Dodoma. Ruta haioni kibao cha basi. Inasikia mwito tu, na kadiri mwito unavyotaja mahali padogo ndivyo inavyouamini.

Kanuni hii haikutungwa kwa uzembe. Zamani anwani ziligawanywa kwa madaraja A, B na C, na intaneti ilipokua madaraja hayo yakawa yanapoteza anwani na kujaza ruta mistari. Mwaka 1993 mgawanyo mpya, CIDR, uliruhusu fungu la ukubwa wowote. Kampuni yenye mafungu mengi yaliyopangana ikaweza kutangaza moja kubwa, na mteja wake aliyehama na kipande chake akaweza kukitangaza kutoka alikohamia. Bila kanuni ya kwamba kilicho mahususi kinashinda, huyo mteja asingefikiwa. Siitetei kwa ushabiki. Intaneti tunayoitumia isingewezekana pasipo kanuni hiyo.

Agizo lililotakiwa kuishia ndani

Februari 22, mamlaka ya mawasiliano ya Pakistan iliagiza watoa huduma wa nchi hiyo waifunge YouTube kwa sababu ya video iliyohesabiwa kuukashifu Uislamu. Agizo lilitaja anwani zile tatu.

Njia ya kawaida ya kufunga anwani ndani ya mtandao wa kampuni ni kuandika mstari kwa mkono:

ip route 208.65.153.0 255.255.255.0 Null0

Null0 ni mlango usio na upande wa pili. Pakiti inayoelekezwa huko hutupwa. Mstari kama huu ukibaki ndani, wanaokosa huduma ni wateja wako peke yao. Lakini ruta za pembezoni mara nyingi huwa zimeagizwa zichukue njia zilizoandikwa kwa mkono na kuzitangaza kwa majirani kupitia BGP, kwa kuwa ndivyo kampuni inavyotangaza mafungu ya wateja wake. Kichujio, yaani orodha ya kinachoruhusiwa kutangazwa, kikikosa neno moja, kilichokusudiwa kiwe ukuta wa nyumbani kinakwenda kusomeka barabarani kama kibao cha "YouTube iko huku".

Saa 18:47 UTC (saa ya kimataifa), kwetu saa 3:47 usiku, mtandao namba AS17557, ndio Pakistan Telecom, ulitangaza 208.65.153.0/24 nje. Mtoa huduma wake wa juu, PCCW Global, namba AS3491, akaupokea mwito na kuusambaza. Ndani ya dakika mbili hivi ulikuwa umefika karibu kila ulikoweza kufika. Pakiti za YouTube zikaanza kumiminika kuelekea Pakistan, ambako hazikuwa na pa kwenda.

Nitasema ninavyoliona jambo hili: lawama kubwa haimwangukii aliyeandika mstari, inamwangukia aliyeupitisha. Fundi wa chini anaweza kukosea usiku wowote, hata aliye makini. Mtoa huduma wa juu anajua, au anapaswa kujua, mteja wake ana mafungu gani, na kazi ya kichujio ni kukataa chochote kilicho nje ya orodha hiyo. Tena onyo lilikuwa limeshatolewa. Aprili 25, 1997, mtandao AS7007 wa Marekani ulimwaga maelfu ya njia zisizo zake zilizokatwakatwa vipande vidogo, na sehemu kubwa ya intaneti ikayumba. Karibu miaka 11 baadaye mlango ule ule ulikuwa wazi.

Ile 20 iliyo ndani ya mabano

Nikifika hapa darasani, kuna mwanafunzi atakayenyoosha mkono. "Mwalimu, si ningeandika njia ya YouTube kwa mkono tu? Ya mkono ina 1, ya BGP ina 20. Moja inaaminika zaidi."

Namba anazijua vizuri. Kwa ruta za Cisco kilichounganishwa moja kwa moja kina 0, kilichoandikwa kwa mkono kina 1, BGP ya nje 20, OSPF 110, BGP ya ndani 200, na ndogo ndiyo inayoaminika. Alichokosea ni kuiweka namba hiyo mahali pasipo pake. Namba ya kuaminika huamua pale tu vyanzo viwili vinapogombea fungu lile lile, lenye ukubwa ule ule. Mshindi ndiye anayeingia kwenye jedwali. Mafungu yakitofautiana kwa ukubwa, hata kwa biti moja, yote yanaingia, na pakiti ikifika linalotazamwa ni ukubwa peke yake. Mwanafunzi wetu angeandika 208.65.152.0/22 kwa mkono, ile 1 yake isingemsaidia kitu. Pakiti zingefuata /24 yenye 20 bila kusita.

Hili mimi lilinigharimu siku nzima ya kazi kabla sijaanza kulifundisha. Tawi moja la chama cha akiba na mikopo, katika mji wa mkoani, lilikuwa limevutiwa fiba mpya. Zamani lilikuwa likitumia kiungo cha redio kilichokatika kila mvua ikinyesha. Mtandao wa makao makuu ulikuwa 10.20.0.0/16, nami nikaandika njia yake kwa mkono ielekee kwenye fiba. Nikalitazama jedwali, mstari upo, [1/0], safi. Nikamwambia dada wa kaunta ajaribu. Mfumo wa mikopo ukawa unafunguka kwa mwendo ule ule wa konokono, kisha ukaganda, naye akarudi kuandika stakabadhi kwa mkono huku foleni ikifika mlangoni. Nikafuta mstari, nikauandika upya. Nikabadilisha kebo. Nikawapigia wenye fiba, wakaniambia kwao ni kijani.

Mchana ndipo nilipoacha kusoma jedwali lote na kuiuliza ruta swali moja tu, kuhusu seva ya mikopo:

show ip route 10.20.5.10

Ikanijibu kwa mstari ambao macho yangu yalikuwa yakiuruka tangu asubuhi:

O  10.20.5.0/24 [110/20] via 10.99.1.1

Redio ya zamani ilikuwa bado inazungumza OSPF, na ilikuwa inaleta /24 ya seva. /16 yangu ya kuaminika kwa 1 ilikuwa imekaa pale kama mgeni rasmi ambaye hakuna aliyemkaribisha kusema. Nikazima OSPF upande wa redio, na kabla sijainuka kitini dada wa kaunta aliniita: "Kaka, imefunguka."

Tangu siku hiyo, mtu akinipigia simu kwamba mahali fulani hapafikiki, simwambii anitumie jedwali zima. Namwomba anwani moja ya kule anakotaka kufika, aiulize ruta kuhusu hiyo, anisomee mstari uliojibu. Jedwali zima linakuonyesha kila kinachojulikana. Swali la anwani moja linakuonyesha kinachotumika.

Waliotazama wasione

Kuna jambo la jioni ile ambalo masimulizi mengi ya kisa hiki hulipita haraka, nalo linatugusa sisi wa pwani hii. Mwaka 2008 Tanzania na Kenya zilikuwa bado hazijaunganishwa na kebo ya fiba ya baharini. SEACOM ilianza kazi Julai 2009. Mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti. Mtoa huduma mdogo mwenye setilaiti moja hana haja ya kubeba njia zote za dunia. Anaweka mstari mmoja:

S*  0.0.0.0/0 [1/0] via 203.0.113.1

Hiyo ndiyo njia chaguomsingi. /0 inasema usilinganishe biti hata moja, kwa hiyo kila anwani inaikubali, na kwa kuwa ndiyo fupi kuliko zote, inashindwa na mstari mwingine wowote. Ni njia ya kilichokosa njia.

Mwenye ruta ya namna hiyo, hata angeikodolea macho usiku kucha, asingeona kosa. /22 haipo, /24 haipo. Pakiti yake inapanda setilaitini, na uchaguzi kati ya mistari miwili unafanyika kwenye ruta ya mtu mwingine, bara lingine. Mteja anapiga simu kulalamika, fundi anaangalia jedwali, anajibu kwa moyo mweupe kwamba huku kwetu kila kitu kiko sawa. Na kweli kiko sawa. Hapo chombo cha kutumia ni traceroute, inayokuonyesha hatua kwa hatua pakiti ilipopita na ilipozimikia, kwa sababu jedwali lako linaeleza hatua moja tu, ya kwanza.

Upande wa pili kabisa, ndani ya mtandao ulioporwa, hali hufanana na hiyo. Ruta za mwenye mali kwa kawaida zimeunganishwa na vipande vidogo vya fungu lake, vyenye herufi C, na hakuna mwito wa nje unaoweza kuvishinda. Kwake kila seva inajibu. Anachokiona ni wageni kupungua ghafla. Ndiyo maana jawabu hutafutwa nje: kwenye vituo vinavyokusanya habari za BGP kutoka mitandao mingi, kama RIS ya RIPE NCC huko Ulaya na Route Views ya Chuo Kikuu cha Oregon. Hivyo huhifadhi kila tangazo na saa yake, na saa ninazozitaja hapa zinajulikana kwa sababu RIS ilikuwa ikisikiliza.

Vita ya biti

Kwenye jedwali la njia huoni fungu limetoka kwa nani hasa; unaona jirani tu. Kwa hilo unauliza jedwali la BGP, show ip bgp 208.65.153.0, na kati ya mengi linayotoa kuna safu ya namba:

3491 17557

Hii ni orodha ya mitandao ambayo mwito umepitia, na inasomwa kutoka kulia. Wa kulia kabisa ndiye aliyeanza kuita: 17557. Akampa 3491, naye akakupa wewe au akampa aliyekupa. Kwa njia halali ya YouTube namba ya kulia ilikuwa 36561. Mtu asiyejua chochote kuhusu Pakistan wala agizo lake angeweza kuliona kosa kwa tofauti ya namba hiyo moja.

YouTube walijibu saa 20:07 UTC, saa 5:07 usiku kwa saa zetu, dakika 80 tangu mwito wa kwanza. Walitangaza nao 208.65.153.0/24. Sasa ukubwa umelingana, na kanuni ya mahususi haina la kusema. BGP inaingia kwenye vigezo vyake vya ndani: kwanza upendeleo uliowekwa na mwenye mtandao, ambao kwa kawaida hufuata biashara (njia ya mteja anayenilipa hutangulizwa), na vikilingana hapo, orodha fupi ya namba ndiyo inayoshinda. Ruta zilizo karibu na YouTube zikarudi kwa YouTube. Zilizo karibu na PCCW zikabaki na Pakistan. Dunia ikagawanyika, na wawili wanaozungumza kwa simu wangeweza kubishana kama YouTube ipo au haipo, wote wakisema kweli.

Dakika 11 baadaye, saa 20:18, walikwenda hatua zaidi. Walilikata lile fungu vipande viwili na kuvitangaza:

208.65.153.0/25
208.65.153.128/25

Kila kimoja kina anwani 128. Zile tatu za YouTube, .238, .251 na .253, zote zinaangukia kipande cha pili. Kila ruta iliyopokea /25 iliachana na /24 ya Pakistan papo hapo, bila kujali upendeleo wala urefu wa orodha. Kanuni iliyowaumiza ndiyo waliyoitumia kujitibu. Naipenda sana sehemu hii ya kisa, kwa kuwa waliofanya hivyo walihitaji kuielewa kanuni vizuri kiasi cha kutopoteza muda kupambana nayo.

Haikutosha kila mahali. Mitandao mingi hukataa kupokea kipande kidogo kuliko /24 kutoka nje, kwa sababu kumbukumbu ya ruta ina kikomo. Mwaka ule jedwali la dunia lilikuwa na njia yapata 250,000. Leo lina takriban milioni moja. Kila mtu akiruhusiwa kukatakata, ruta zitajaa. Kwa hiyo kwenye mitandao hiyo /25 hazikuingia kabisa, na mchuano wa /24 kwa /24 ukaendelea.

Saa 20:51 orodha ya upande wa pili ilibadilika. Njia za Pakistan Telecom zilizopita kwa PCCW zikaanza kuonekana hivi:

3491 17557 17557

Namba imerudiwa. Hakuna mtandao mpya uliopitiwa. Orodha imerefushwa kwa makusudi ili isipendwe, na ruta zaidi zikahamia kwa YouTube. Ukikuta namba imejirudia kwenye orodha ya BGP usidhani ni hitilafu. Ni mtu anayeomba, "Nipite mimi ukikosa wengine."

Saa 21:01 UTC, kwetu dakika moja baada ya saa sita usiku, Jumatatu ikiwa imeshaingia, PCCW waliondoa njia zote zilizoanzia AS17557. Mstari wa 00:03:12 ukafutika. Saa mbili na dakika 14.

Leo ungezuiwaje?

Kinga iliyokuja baadaye inaitwa RPKI. Mwenye fungu huweka cheti kilichotiwa saini, kiitwacho ROA, kupitia shirika lililomgawia anwani. Kwa Afrika ni AFRINIC, lenye makao Mauritius, na watoa huduma wa Tanzania na Kenya huweka vyao huko. ROA inasema mambo matatu: fungu hili, litatangazwa na mtandao wenye namba hii, na lisikatwe zaidi ya ukubwa huu. Ruta inayokagua huupa kila mwito alama: V ukilingana na cheti, I ukikipinga, N kama hakuna cheti. Wenye bidii hutupa kila chenye I.

Iweke kwenye usiku ule. ROA ya 208.65.152.0/22, namba 36561, mwisho /22. Mwito wa 17557 wa /24 unapata I kwa sababu mbili, namba si yake na kipande ni kidogo kupita ruhusa. Unatupwa mlangoni, na hakuna kisa cha kusimulia.

Lakini wanafunzi wangu nawapa swali hili wakae nalo: je, ile /24 ambayo YouTube wenyewe walitangaza saa 20:07? Nayo ingepata I. Zile /25 vilevile. Cheti kilichobana kinamfunga mwizi na mwenye nyumba pamoja, na mwenye nyumba akitaka kujitetea kwa kukata vipande, itabidi kwanza akabadilishe cheti na kusubiri kisambae.

Wengine husema basi kilegeze, andika mwisho /24. Siwashauri. ROA inakagua namba ya kulia peke yake, na namba ya kulia mtu anaweza kuighushi. Anayetaka kudhuru anatangaza 208.65.153.0/24 huku akiandika 36561 mwishoni mwa orodha, kana kwamba YouTube ndiyo iliyoanza kuita naye anapitisha tu. Cheti kilicholegezwa kitampa V, na kwa kuwa YouTube inatangaza /22 peke yake, /24 ya uongo itashinda kila mahali, ikiwa na muhuri.

Ninachowaambia wanaotunza seva zinazotegemewa na watu ni kwamba fungu zilimo seva hizo walitangaze wenyewe kwa /24 siku zote, si siku ya shida, na ROA iandikwe kwa ukubwa huo huo hasa unaotangazwa. Mwizi akija na /24 anakuta /24 imeshakaa. Akighushi namba ya kulia, yake mwenyewe lazima iwe kushoto kwake, kwa hiyo orodha yake inarefuka kwa namba moja. Akijaribu /25, cheti kinaikataa, na hata pasipokaguliwa cheti, mitandao mingi haipokei kipande kidogo kiasi hicho. Gharama ya yote hayo ni mstari mmoja zaidi kwenye jedwali la dunia.